Ubeti wa Tano

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili, tuliyembandika jina la Nukta kwa vile kila akimaliza sentensi hugonga meza kwa kidole, aliponiambia mbele ya darasa zima kwamba shairi langu si langu, masikio yaliniwaka moto.

"Beti saba, vina havijateleza hata kimoja," alisema. "Hili limetungwa na mtu mzima. Umelinakili wapi?" Kidole kikagonga.

"Nimetunga mwenyewe, Mwalimu."

"Basi niletee rasimu. Anayetunga hukosea, akafuta, akaandika tena. Kesho asubuhi nisipoiona, jarida la shule litatoka bila wewe."

Rasimu nilikuwa nayo. Tatizo ni mahali ilipokuwa.

Mama yangu ni fundi wa kushona. Kazi anaifanyia chumba cha mbele: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia katikati, na ukutani misumari yenye karatasi za kahawia. Kila kipande cha nguo hukichora kwanza kwenye karatasi, akaikata, ndipo akailaza juu ya kitambaa. Tangu darasa la nne nilikuwa nakaa chini ya meza ile nikimsomea mashairi kutoka kitabu cha maktaba kisicho na jalada. Niliyapenda kabla sijayaelewa. Mengine yalinitoa machozi na sikujua nalilia nini. Mama akikanyaga cherehani, mimi nasoma, mpaka siku moja nikagundua kwamba mizani inakwenda na miguu yake. Silabi nane, anageuza kitambaa. Nane nyingine, anakata uzi. Nikaanza kutunga kwa mwendo huo huo, na kwa uvivu wa kufuata daftari nikaandika kwenye karatasi iliyokuwa mbele ya pua yangu.

"We mtoto!" Mama alikuwa akifoka. "Karatasi yangu ni ya kazi, siyo ya porojo!" Kisha anaichukua, anachukua mkasi, na ubeti wangu unageuka kola ya mtu.

Nilipofika nyumbani siku hiyo nilimmwagia yote. Miguu yake ikasimama.

"Kwa hiyo amekuita mwizi?"

"Hakusema mwizi, Mama."

"Amesema umechukua kisicho chako. Hiyo inaitwaje?" Akainuka na kuanza kupekua misumari.

Ubeti wa kwanza tuliupata kwenye mgongo wa sare ya nesi. Wa pili na wa tatu kwenye suruali ya tarishi, kila ubeti na mguu wake. Wa nne ulikuwa kola, wa sita na wa saba mikono ya shati. Wa tano, uliofutwa mara nne, ulikuwa umejificha kwenye mfuko wa koti la mwokaji mikate. Tulicheka mpaka Mama akakaa sakafuni.

Asubuhi alikwenda nami, karatasi kazikunja kwapani. Tuliingia chumba cha walimu tukazitandaza mezani kwa Nukta, mgongo, miguu, mfuko, kola na mikono. Akavaa miwani. Akasoma akiinama huku na huku.

"Hapa ulianza na 'machozi'," alisema. "Mbona ukafuta?"

"Lilikuja kirahisi mno, Mwalimu. Nilikuwa natafuta kina tu, sikuwa nalia."

"Nimekukosea," alisema, "na nitasema hivyo darasani, kule kule nilikokusemea." Hakugonga meza. Kisha akaokota ile kola. "Lakini fundi, kuna jambo silielewi. Vipande vyote hivi vimekatwa, na hakuna mstari hata mmoja uliokatika. Hapa mkasi umelizunguka neno."

Nikainama kutazama. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile sikuwa nimeona.

Mama akaanza kujifunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. "Sasa ningepitisha mkasi katikati ya maneno ya mtoto?" alisema. "Nilikuwa naongeza kidogo pembeni. Nguo haiharibiki kwa kuwa pana."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari kwenye meza ya jirani, aliinua mkono wa shati aliloshonewa na Mama tukauona ukipwaya. "Kumbe!" akasema. "Na mimi nilidhani nimekonda!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikamkumbatia Mama pale pale, mbele ya walimu wote, na yeye akanipigapiga mgongo kama anayetafuta vipimo.

Tulipofika mlangoni akaninong'oneza, "Ila ule ubeti wa tano bado haujakaa. Nimeusoma mara nyingi. Ufumue."

Nikarudi mezani kwa Nukta kuomba penseli.