Maikrofoni Isiyosikia Nyuma

Wilkister alikuwa anakwenda kukatwa koo Jumatatu, na daktari alishawaambia sauti itakwenda nalo. Kaka yake Omondi, fundi wa mitambo ya sauti huko Ruiru, akaja nyumbani kwao Ngoingwa kuihifadhi kabla haijaaga.

Jirani alikuwa mchomeleaji wa mageti, na chuma hakina adabu. Omondi akatundika mablanketi ukutani, akaigeuza maikrofoni ilipe dirisha kisogo.

"Hii ni kama karani," akasema. "Ukiwa mbele yake anakusikia. Ukiwa nyuma, hata ulie, shauri yako. Shemeji Calvince, kaa huko dirishani, unyamaze."

Calvince anyamaze mkewe akiongea! Hao walikuwa wakitaniana tangu walipokutana kiwandani Thika, na hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake neno la mwisho.

Wilkister alipaswa kusoma Zaburi. Mstari wa pili haukuisha.

"Baba Maxine, unalia nini? Anayekatwa koo ni mimi ama ni wewe?"

"Yawa, nalilia masikio yangu. Yatakosa kazi."

"Yalikuwa na kazi lini? Nilikutuma sukari ukaleta chumvi."

"Na ukaitia kwenye chai!"

Wakacheka mpaka Wilkister akakohoa. Omondi hakuzima mtambo.

Aliporudi Ruiru akasikiliza. Dada yake alisikika safi, kicheko na kikohozi chake vyote. Mchomeleaji hakuwamo. Calvince pia hakuwamo; pale alipojibu palikuwa kimya tu. Si kitu, Omondi akajiambia, huyo koo lake ni zima. Akawatumia rekodi hiyo kwenye simu.

Alirudi Ngoingwa baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimekauka. Mlangoni akasikia dada yake anaongea. Akausukuma mlango.

"Nilikutuma sukari ukaleta chumvi."

"Na ukaitia kwenye chai!"

Calvince alikuwa ameinamia simu mezani, anakijaza kile kimya, kila jibu mahali pake. Alicheka mpaka akajipiga paja. Kisha akairudisha mwanzo.

Wilkister aliketi ng'ambo ya meza, kitambaa shingoni, mkono ameuinua. Alikuwa na jambo. Akagonga meza. Akagonga tena.

"Ngoja kidogo," Calvince akasema bila kuinua macho. "Mama Maxine anaongea."

Wilkister akaushusha mkono. Akamwona kaka yake mlangoni, akamsogezea kiti.