Ndiyo za Hewala

Shangazi alikuwa na karakana ya mapazia iliyoshamiri, duka jipya lililopakwa rangi juzi tu, na shida moja: hakuwa na mtu wa kulisimamia. Aliyelitamani duka hilo kwa moyo wote alikuwa pale pale mbele yake, ameinamia meza ya kukatia, pini zimebanwa midomoni. Kijana huyu, mtoto wa kaka yake, alikuwa mkataji asiyekosea. Lakini mtaa mzima ulimwita Hewala, kwa kuwa hakuwahi kumkatalia mtu jambo. Mteja akitaka pazia fupi, hewala. Akirudi kulalamika kwamba ni fupi, hewala tena, na kitambaa kipya kinakatwa kwa hasara ya karakana.

“Kumpa Hewala duka,” alisema Shangazi huku akitia uzi kwenye sindano, “ni kuacha mlango wazi na kuwaambia wateja wajichotee.”

Hewala aliendelea kukata. Aliyejibu ni mdogo wake wa kike, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, ambako alisomea saikolojia. Kwa sababu hiyo Shangazi alimwita Profesa, na jina hilo halikuwa la heshima hata kidogo.

“Shangazi, haiba ya mtu haizaliwi ikiwa imekamilika. Hujengwa.”

“Na nani? Mimi nilimwona huyu siku yake ya kwanza duniani. Watoto wenzake wanapiga mayowe, yeye anamtazama mkunga kama anayetaka kumwomba radhi. Tabia ni ngozi, mwanangu. Haivuliwi.”

Profesa aliweka chini upindo aliokuwa akiushona. Alikuwa na imani thabiti, kama waaminivyo wale ambao bado wana wino mbichi vidoleni, kwamba elimu ikielezwa vizuri humfungulia mtu mlango. Akaeleza. Wapo wataalamu wanaochimbua utoto, wakisema mizizi ya mtu mzima imo katika miaka asiyoikumbuka. Wapo wanaosema mtu hufinyangwa na thawabu na adhabu. Wapo wasemao tunajifunza kwa kuwatazama wengine. Na wapo wanaomfananisha mtu na mche: mpe maji na mwanga, atachanua mwenyewe.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

“Huyo wa kwanza ni mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wa pili, samaki mkunje angali mbichi. Wa tatu, ukikaa karibu na waridi utanukia. Yaani mnakwenda chuo kikuu kusomea methali?”

Hewala alicheka mpaka pini moja ikamponyoka.

“Basi yapo pia maswali ya kupima,” alisema Profesa, masikio yakimwaka. “Tumpime.”

Hapo cherehani ilinyamaza. Kupima lilikuwa jambo ambalo Shangazi aliliheshimu kuliko yote. Katika karakana yake kisichopimwa hakikatwi, hata kama mteja ni ndugu wa damu. “Hilo nimelielewa,” alisema. “Pima. Akionekana ana uthubutu, duka lake. Asipoonekana, nampigia simu yule mama aliyesimamia duka la viatu.”

Hivyo ndivyo duka zima lilivyoning'inizwa kwenye sentensi chache. Profesa alizitunga kwa uangalifu mkubwa. Hakutaka zionekane kumshutumu mtu, hivyo aliondoa kila “wewe” na kila “yeye”, akaacha vitenzi visimame peke yake, safi na vya kitaalamu. Kesho yake asubuhi alizisoma kwa sauti, Shangazi akiwa shahidi.

“Huthubutu kumkatalia mteja.”

“Ndiyo,” alisema Hewala kwa huzuni kidogo.

“Hujibu mtu anapofoka.”

“Ndiyo.”

“Hujaribu jambo jipya bila kusukumwa.”

“Ndiyo.”

“Husubiri kuambiwa la kufanya.”

“Hapana.”

Walipomaliza, Profesa alijumlisha, akajumlisha tena, kisha akainua uso uliojaa nuru. “Shangazi, uthubutu wake umepita kiwango cha juu!”

“Huyu?”

“Huyu huyu.”

Shangazi alimtazama Hewala kama mtu anayetazama kochi lake la miaka mingi na kugundua kwamba lina droo. Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kubishana na vipimo. Alimshika mkono, akamwambia atamjaribu hapo hapo karakanani kabla ya kumpa duka, na tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia aliambiwa, “Zungumza na meneja, mimi sina kauli.”

Meneja alitokwa jasho siku nzima. Lakini mama mmoja alipodai mapazia ya nyumba nzima yawe tayari kesho, Hewala alisema, “Kesho… kesho haitawezekana, mama.” Akasubiri dari limwangukie. Mama yule alisema, “Basi keshokutwa,” akaenda zake.

Furaha ya Profesa ingedumu likizo nzima, kama asingetamani kumpima na Shangazi mwenyewe.

“Husamehe upesi,” alisoma.

“Hapana! Nani kakwambia? Nasamehe upesi kuliko mnavyokosea! Wewe mwenyewe uliunguza pazia la daktari kwa pasi, nikakusema siku moja tu!”

“Lakini Shangazi, umejibu hapana.”

“Si umesema mimi sisamehe? Umeniambia kwa mdomo wako: wewe, Shangazi, husamehe!”

Profesa alihisi sakafu ikihama. Kama kitenzi kingekuwa *penda*, herufi ya mwisho ingemwokoa: *hupenda* ni mwenye kupenda siku zote, *hupendi* ni wewe usiyependa. Lakini *samehe*, *jibu*, *jaribu* na *thubutu* havibadilishi mwisho kwa ajili ya mtu yeyote. *Husamehe* ni mwenye kusamehe kila siku; *husamehe* ni wewe usiyesamehe kabisa. Shangazi, aliyejibu kwa hotuba, alikuwa ameifichua kasoro hiyo papo hapo. Hewala, aliyejibu kwa neno moja moja, hakuifichua. Kila ndiyo yake ilikuwa ungamo, na Profesa aliihesabu kuwa sifa.

Alimkuta kaka yake chumba cha nyuma, akipiga pasi.

“Kaka, nilipokwambia huthubutu kumkatalia mteja, ulielewaje?”

“Nilielewa kwamba nimejulikana.”

“Sasa mbona hukusema neno nilipotangaza kinyume chake?”

Hewala aliisimamisha pasi. “Maisha yangu yote watu wamenikosea kwa kunishusha. Wewe ndiye wa kwanza kunikosea kwa kunipandisha. Nikasema ngoja nikae huko juu kidogo, nipunge upepo.”

“Lazima nimwambie Shangazi.”

Hewala aliishika tena pasi, akasema taratibu, “Mwambie. Ila uende peke yako. Mimi nina pasi ya moto.”

Profesa alimwambia Shangazi kila kitu, bila kujitetea. Shangazi alikuwa bado anayasaga maneno hayo alipoingia mwenye hoteli, mzee wa sauti kubwa, amebeba jora la pamba mabegani.

“Meneja! Hiki kishonwe leo leo.”

Hewala alitoka nyuma, akakishika kitambaa, akakivuta kwa ncha za vidole. “Hakijafuliwa hata mara moja, mzee. Kitarudi. Kikifuliwa, mapazia yatapanda hadi katikati ya dirisha.”

“Nimekuja kushonewa, sikuja kufundishwa. Kata!”

Mguu wa Shangazi uliondoka kwenye kanyagio la cherehani. Sasa alikuwa anajua kipimo halisi cha kijana huyu, na mkono wake ulikwisha kunyanyuka ili aingilie. Ukabaki hewani.

“Sikati,” alisema Hewala. “Nikiloweke kwanza, kikauke, ndipo nikate.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Na mtu atakayerudi kunifokea mwezi ujao. Afadhali unifokee leo, mzee, kitambaa kingali kizima.”

Mwenye hoteli alimkazia macho, akatazama jora lake, akaguna, akalitua mezani. “Ukilichelewesha utanitambua,” alisema akitoka.

Hewala aliegemea meza.

“Profesa,” alisema Shangazi, “hili nalo vitabu vyako vinaliitaje?”

“Wapo wanaosema mtu hupata imani ya kuweza kwa kuonja kuweza. Lakini wapo pia wanaosema kwamba watu wakikutendea kama…”

“Chagua mmoja.”

Profesa alifikiri kwa dhati. “Sijui, Shangazi. Bado sijui.”

“Afadhali umesema.” Akamgeukia Hewala. “Mimi bado naamini tabia ni ngozi. Lakini ngozi nayo ikisuguliwa mahali pamoja huota sugu. Jumatatu nenda kafungue duka.”

“Jumatatu siwezi.”

Shangazi aligeuka kwa mwili mzima. “Unasemaje?”

“Pamba ya mzee itakuwa bado mbichi, na siondoki nikaacha kazi niliyoiloweka mwenyewe.” Akalinyanyua jora. “Jumanne.”

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena.

“Jumanne saa ngapi?” akauliza.