Kuku wa Kamati

Baba mkwe wangu, Mzee Mboje, huu ni mwaka wa nne hainuki kitandani. Mimi ndiye ninayemlisha na kumgeuza. Niliomba ruzuku ya wanaouguza nyumbani. Kamati ikaja hapa Nkololo, watu watano, kuutazama umaskini wetu kwa macho. Kwetu mgeni haondoki bila kula, kwa hiyo nikakopa kuku kwa jirani. Wakamla, wakanyonya na mifupa. Kisha mwenyekiti akanawa mikono, akaandika kwenye fomu: "Kaya hii inakula kuku."

Nikamwambia kuku mwenyewe nimemkopa.

Akaongeza: "Na inakopesheka."

Ombi likakataliwa. Nikakata rufaa. Wamejibu kwamba watakuja kukagua upya Jumatano, saa saba mchana, na safari hii watakuwa wanane.