Kufuli la Chumba cha Mzee Sifaeli

Nyumba yangu ya Ipogolo ina vyumba sita, choo kimoja na watu kumi na moja, mimi nikiwemo. Miaka yote hakuna aliyeona tatizo, mpaka ilipokuja sheria ndogo mpya: anayepangisha vyumba lazima awe na kibali, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya kumi. Bila kibali, nyumba inafungwa.

Yaani mtu mmoja tu kazidi! Nilinuna wiki nzima. Niliwahesabu wapangaji asubuhi, nikawahesabu jioni, hawakupungua.

Aliyejitolea kuondoka ni Mzee Sifaeli, muuza mchele aliyetokea Chimala.

"Mama Bertha, mimi ndo sina mke wala mtoto hapa. Nitoke mimi."

Amekaa chumba cha mbele miaka kumi na tisa. Marehemu mume wangu alipozidiwa, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari. Nimtoe huyo? Nilimwambia anyamaze, hatoki mtu.

Basi nikapanga ujanja wangu. Siku ya ukaguzi mzee atulie chumbani, mimi nifunge kwa kufuli kwa nje, nikiulizwa niseme ni stoo. Nilimwonya asikohoe, asiwashe redio, asiimbe nyimbo zake za kwaya. Akakubali yote. Ila jambo moja sikulikumbuka, na ndilo nililopaswa kulikumbuka kwanza. Chumba chake kiko jirani na geti, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye anayewaitikia wageni wa nyumba nzima.

Afisa afya, binti anaitwa Jackline, alifika saa nne, faili kwapani. Akasimama getini kwa adabu zake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu! Karibu sana mwanangu, pita ndani!" kikajibu chumba chenye kufuli.

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Jackline akalitazama kufuli, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama. Humu mmemfungia nani?"

"Marahaba. Hiyo ni stoo," nikasema. Mdomo ulishazoea uongo wake, haukunisubiri.

"Mama Bertha, nisamehe," stoo ikasema kinyonge. "Nimesahau."

Jackline alicheka mpaka faili likamdondoka. Lakini kicheko hakikubadilisha sheria. Aliandika watu kumi na moja, choo kimoja, akatupa siku kumi na nne: ama mmoja ahame, ama kijengwe choo cha pili.

Jioni ile Mzee Sifaeli akaanza kupanga nguo kwenye begi. Nilimfokea mpaka wapangaji wote wakatoka nje. Yotamu, fundi ujenzi wa chumba cha tatu, alichukua sururu, akaenda nyuma ya nyumba akaanza kuchimba. Udongo wetu ni mawe matupu, lakini tulipokezana kila siku baada ya kazi, na mimi nilibeba mawe huku nikimlaani aliyetunga sheria. Mzee alichimba kuliko wote, ila begi hakulifungua.

Siku ya kumi na nne nilikuta mlango wake wazi, kitanda kimetandikwa, begi halipo. Choo tulikuwa tumekimaliza jana yake tu; nikajua mzee hakuamini kama kitakubaliwa, kaondoka ili kibali kisikosekane, na hata kuaga hakuaga. Nikakaa kizingitini nikalia.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Jackline.

Nikajifuta machozi kwa kanga.

"Hodi humu!"

"Karibu!" ikaja sauti kutoka nyuma ya nyumba, kwenye choo kipya ambacho mlango wake bado ulikuwa unanuka rangi. "Karibu sana mwanangu! Nisubiri kidogo, ndo nakizindua!"

Niliinua macho. Begi lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, linachuruzika maji.

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Jackline naye alifungua faili lake, akaandika: vyoo viwili, vyote vinatumika.