Chumba Kilichopungua

Mfinyanzi aliposhusha miguu kitandani asubuhi hiyo, alikanyaga chungu kibichi. Jana yake alikuwa amevipanga vyungu vyake ukutani, mbali na kitanda. Ukuta ulikuwa umesogea. Aliukusanya ule udongo, akaukanda upya, kisha akavihamishia vyungu vilivyosalia barazani.

"Naona chumba kimeanza," alisema mama mkwe wake, bila kuacha kuchambua mbegu.

"Kimeanza, Mama."

Mumewe alikuwa amezikwa msimu uliopita. Nyumba ilikuwa ya ukoo: ua mmoja, jiko moja, na chumba kwa kila aliyehesabiwa. Mtoto alipozaliwa, ukuta ulivimba mahali fulani, na kabla hajaanza kutambaa mlango ulikuwa umetokea. Mjane naye alipunguziwa. Watu walihamisha mikeka yao, maisha yakaendelea.

Ila usingizi wa Mfinyanzi uliruka. Alilala amekunja magoti, akiusikia udongo wa ukuta ukijikokota. Mchana alisinzia akifinyanga, vyungu vikatoka shingo upande. Kila alipoinua macho alimwona shemeji yake, mdogo wa marehemu, amesimama mlangoni akiikagua dari kama fundi.

"Shemeji, ukikubali tu kitapanuka," alisema kwa aibu, akikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya. "Si mimi niliyeipanga nyumba hivi."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ana chumba chake."

Siku mbao za kitanda zilipoanza kulia kwa kubanwa, Mfinyanzi alifunga nguo zake, akamshika mkono binti yake, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa domo lake, wakashika njia ya kwa babu mzaa mama. Mfinyanzi alitangulia kupita mlango wa ua. Nyuma yake mlango ukabana. Chiriku alijaribu ubavu, akajaribu kichwa. Pengo likabaki la kupitisha vidole tu.

"Mama, nimekwama."

"Vuta tumbo ndani, mwanangu."

"Nimevuta. Unakataa."

Mama mkwe alikuja akasimama nyuma ya mjukuu wake.

"Hautamwachia. Huyu ni damu ya nyumba hii. Wewe uliletwa," alisema. "Hata baba yake haukumwachia, nilipokuwa nimesimama hapo uliposimama. Chumba changu kilikuwa hakinitoshi hata kupiga magoti."

"Ukafanyaje, Mama?"

"Si unaona ninavyolala kwa nafasi."

Mfinyanzi alibaki nje, akiwa amevishika vile vidole, mpaka Chiriku alipoanza kulalamika njaa. Ndipo akarudi ndani. Mlango ulimpitisha bila taabu, na mzigo wake kichwani.

Alimkuta shemeji yake akichochea tanuri. Alimwambia neno moja. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akaongeza kuni.

Kesho yake chumba kilikuwa kipana kuliko siku alipoolewa, na kitanda kilikuwa kimeongezeka upande mmoja. Chiriku aliuliza kama sasa amwite baba mdogo baba. Akaambiwa amwite.

Ng'ambo ya ua, mke wa shemeji alikuwa akilivuta kasha lake la nguo kutoka ukutani, maana halikuwa tena na pa kukaa. Mfinyanzi alinawa udongo mikononi, akavuka ua, akamshikia upande wa pili.