Nyumba Namba Arobaini na Saba

Mimi nina hasira, hilo silifichi. Kwa hiyo asubuhi ile, mgambo Shija aliponizuia kwenye kamba na kuniambia, "Bibi, rudi nyuma, karatasi inasema mwanaume," nilimzaba kofi mpaka kofia ikamdondoka. Naye hakunionea haya. Alinishushia rungu begani, nikapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wa Kisegese wote.

"Piga tena!" nikamwambia. "Piga, mama yako akusikie!"

Ziwa lilikuwa limetutoa majumbani tangu mvua za masika. Lilipanda polepole, leo shambani, kesho kizingitini, halafu usiku mmoja likaingia mpaka kwenye mafiga. Serikali ikatuhamishia uwanja wa shule, kwenye mahema, na Kisegese ikafungwa kwa kamba kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na mamba wameonekana barabarani. Kila nyumba iliyoandikishwa ilipewa ahadi: kiwanja Buhare, mabati na saruji. Na siku moja tu ya kuingia kuchukua vyombo, saa moja kwa kila kaya.

Yangu ilikuwa namba arobaini na saba. Maafisa waliipiga mlangoni kwa rangi nyekundu kabla hatujahama. Siku hiyo nilikuwa Butiama namzika kaka yangu, na aliyejibu maswali ni Robi, mke wangu.

Usicheke. Kwetu mama akikosa mtoto wa kiume anaoa. Anatoa ng'ombe wake mwenyewe, anamleta binti wa watu, na watoto anaozaa wanaitwa kwa jina la nyumba yake. Baba yao haulizwi. Mimi nilizaa wasichana watatu, wote wakaolewa, mume wangu akafa. Nikatoa ng'ombe wanane, nikamwoa Robi, naye akanizalia Kasmiri na Tereza. Hao ndio nyumba yangu. Bila kiwanja kile, wangebaki watoto wa hema.

Sasa afisa kijana, mtu wa Songea huko, akamuuliza Robi, "Mkuu wa kaya ni nani?" Robi akajibu anavyojibugaga siku zote: "Mume wangu, Wegesa." Mtu wa Mara angeelewa, au angeuliza mara ya pili. Yule aliandika Wegesa, jinsia me, akaenda zake. Basi kwenye karatasi nikawa mwanaume, na kwenye kitambulisho changu ni bibi wa miaka sitini na mbili.

Mwikwabe akanusa. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ana nyumba yake Bunda na hajalala Kisegese miaka kumi. Hata msiba wa kaka yake alikuja amechelewa, akaondoka amebeba redio. Aliposikia viwanja, huyoo! Akawaambia maafisa, "Wegesa ndio mimi, jina la nyumbani. Huyu bibi ni mjane tu, mumsamehe, uzee."

Mkuu wa maafisa, bwana Paschal, mtu mpole aliyechoka, akatusikiliza wote mpaka akashika kichwa. "Arobaini na saba nitaingia mwenyewe," akasema. "Atakayeufungua mlango kwa ufunguo wake, na mke akamkubali mbele yangu, huyo namsainia."

Mimi nilisikia ufunguo tu. Ulikuwa shingoni mwangu. Hilo la mke kunikubali nilipita juu yake kama mtu anayeruka mfereji.

Mwikwabe hakuliruka. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa anapitapita hemani kwa Robi na sukari, na mara moja na khanga. Na mimi nilikuwa na cha kuogopa, ningekuwa na akili. Robi ana kovu juu ya jicho la kushoto. Nililiweka mimi, kwa mwiko wa ugali, mwaka juzi, kwa sababu alienda Musoma mjini bila kuniaga. Na siyo siku hiyo tu. Mume wangu alinipiga miaka thelathini, nikadhani nyumba ndivyo inavyoshikwa. Nilipokuwa mume na mimi nikashika.

Basi, pale kwenye kamba, bwana Paschal akaja mbio, akamtuliza Shija, akaniinua. Tukaingia majini wanne: yeye mbele, Shija, mimi, Robi nyuma. Maji ya magotini, yananuka dagaa waliooza.

Tulipokata kona ya zizi nikasikia shoka. Mwikwabe alikuwa ameshatangulia kwa njia ya shambani. Kufuli yangu ilikuwa inaning'inia imepasuka, na mkononi ameshika kufuli mpya, inang'aa, na funguo zake.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa maiti wewe! Ulianza na redio!"

"Nyumba ya kaka yangu," akasema. "Wewe ni mwanamke, Wegesa. Ng'ombe wako hawakukuotesha ndevu."

Thubutu! Nilimrukia. Nilimng'ata sikio, nikasikia chumvi ya damu yake mdomoni, naye akanigonga kwenye ukuta mara mbili. Udongo ukatuangukia. Shija akaja kumshika, akateleza, Mwikwabe akampiga teke la uso akiwa chini, maji yakawa mekundu. Halafu akageuza shoka, akanipiga kwa mpini wake hapa, kwenye mkono wa kushoto. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Nikaanguka. Nilimwona anainua tena, na safari hii siyo mpini.

Bwana Paschal alikuwa anapiga kelele, "Jamani! Jamani!" Jamani inasaidia nini?

Robi ndiye aliyempiga. Lile kasia la mtumbwi wetu lilikuwaga limesimama pembeni ya mlango. Alilikamata kwa mikono miwili akampiga Mwikwabe mbavuni, shoka likaruka. Akampiga mdomoni. Mwikwabe akakaa majini kama mtoto anayeogeshwa, anatema meno, anasema, "Shemeji, basi, shemeji, basi." Robi akamwongeza moja ya goti.

Hapo ndipo shetani wangu aliponipanda. Shoka lilikuwa limeanguka kwenye kizingiti, karibu na mkono wangu mzima. Nikalishika, nikatambaa kumfuata. Nilitaka kumpasua kichwa. Sisemi nilichanganyikiwa, wala sisemi sikujua. Nilitaka, na nilikuwa nimeshalinyanyua.

Kasia likanishukia kwenye kiganja. Nikaachia shoka, nikamtazama Robi. Alikuwa amesimama juu yangu anahema, kasia limeinuliwa, na kovu lake limevimba kwa hasira.

"Tosha," akasema. "Kaa chini, mama. Na wewe nitakuvunja."

Miaka saba hajawahi kuniinulia sauti. Nilikaa.

Shija alimfunga Mwikwabe kwa kamba ya kufungia mbuzi. Bwana Paschal, kazi ni kazi, akafungua daftari lake mkononi. "Haya, dada," akamwambia Robi. "Unisaidie tumalize. Kati ya hawa wawili, mume wako ni nani?"

Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko mkono uliovunjika. Nikasema, "Mwambie, Robi. Mwambie ng'ombe alitoa nani."

"Ulimpa baba yangu," akajibu. "Mimi sikula hata mkia."

Akamgeukia afisa. "Sina mume. Nyumba hii nimeikandika mimi, kila kiangazi. Siku mliyopiga namba, ndoo ya rangi niliishika mimi. Andika Robi Marwa. Jinsia ke. Watoto wawili."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumtukana, nilitaka kumwambia kwamba jina la nyumba ni langu, ukoo utanicheka, wasichana wangu watatu watanicheka. Lakini Kasmiri atakuwa na kiwanja. Tereza atalala chini ya bati. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinaandikwa mbele ya macho yangu, ila mwandikishwaji siyo mimi. Nililia, nakwambia ukweli, na siyo kwa ajili ya mkono.

Bwana Paschal akakata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika la Robi. Kisha akaninyooshea kalamu. "Na huyu bibi? Nimwandike nani?"

Robi alinitazama muda mrefu mpaka nikainamisha macho, kwa sababu kila nilipoinua yalikuwa yanakutana na lile kovu.

"Mwandike tegemezi," akasema. "Anakaa kwangu."

Afisa akatuambia zimebaki dakika ishirini. Shija akanifunga mkono kwa kipande cha khanga, siyo ile ya Mwikwabe, baadaye nilihakikisha. Robi akatoa sufuria, mashine ya kusaga karanga, picha ya ubatizo wa Kasmiri. Nikaingia jikoni na mimi, nisionekane mtu wa kukaa tu. Maji yalikuwa yamefika kwenye stuli, na juu yake unaelea mwiko wangu, ule ule mzito wa mninga. Nikaushika.

Nilipogeuka Robi alikuwa mlangoni amebeba godoro kichwani. Alisubiri tu.

Nikaurudisha kwenye maji, nikachukua ungo, nikamfuata.