Mgeni wa Jumapili Saba

Were alikuwa mgeni kwa Jumapili ya saba katika kanisa lile lile, na msimcheke kwanza, ngojeni niwaeleze.

Kanisa lake la zamani lilikuwa mtaa wa Kabiria, la mabati, na alilipigia ngoma miaka kumi na moja. Ibada ilianza saa tatu ikaisha Mungu akipenda. Ukikosa Jumapili moja tu, Jumatatu kina mama watatu wako mlangoni na chupa ya chai, wanauliza unaumwa wapi. Na kama huumwi, wanakuombea vivyo hivyo. Were alizoea kulalamika kwamba watu wale hawajui kubisha hodi. Kisha kwaya ikagombania rangi ya sare. Hawa walitaka zambarau, wale maruni, na pande zote mbili, jamani, zilikuwa zimeoteshwa ndoto na Bwana. Wakagawana viti. Wakagawana vyombo: hawa wakaenda na maikrofoni, wale wakaenda na spika. Ngoma nayo waliivutania mpaka ngozi ikapasuka. Were akasema basi, mimi nimeshiba, akahamia kanisa la Kilimani, mtaa wa wenye nazo.

Kilimani bwana! Kanisa lina maegesho ya ghorofa mbili, lina moshi jukwaani ingawa hakuna kinachoungua, lina saa kwenye skrini inayohesabu dakika zilizobaki. Ibada ni dakika sabini na tano, haizidi, maana kundi la pili liko nje na magari yake linapiga honi. Jumapili ile ya kwanza, Pasta Ndambuki, mtu wa suruali za kubana na sauti ya taratibu, alisema, "Wageni wetu, simameni tuwaone." Were akasimama. Ukumbi mzima ukampigia makofi na kumwimbia. Akapelekwa hema la wageni nyuma ya ukumbi, na huko akamkuta Mama Veronicah, mkuu wa mapokezi, mwanamke mnene mwenye waya sikioni kama mlinzi wa rais.

"Jina lako, baba?"

"Were. Nakaa Satellite."

"Karibu sana, Were. Umetufahamu kupitia kwa nani?"

Akamwandika kwenye kadi, akampa chai ya maziwa na mandazi mawili ya moto, akamshika bega akamwombea kwa jina lake. Kwa jina lake! Mtu huyu wiki nzima hushinda kwenye duka la fotokopi katikati ya jiji, na wateja humwita "boss" au "wewe". Siku hiyo alirudi nyumbani, mtaa wa Satellite, kwa miguu na wala hakuchoka.

Jumapili ya pili alikuwa mwenyeji, na mwenyeji hana hema. Skrini iliandika: SALIMIA JIRANI YAKO, SEKUNDE ISHIRINI. Jirani wa kulia alikuwa kwenye simu. Wa kushoto alimpa vidole viwili huku akitafuta funguo za gari. Were alitoka mle bila mtu kumwambia hata "sasa". Alipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni, na sitawaficha, alilia.

Kwa hiyo Jumapili ya tatu Ndambuki aliposema wageni wasimame, Were alisimama. Alikuwa amebadilisha koti, akadhani amejificha vya kutosha. Hemani Mama Veronicah alimtazama kidogo, akachukua kadi mpya.

"Jina lako, baba?"

"Were. Nakaa Satellite."

"Karibu sana, Were."

Pembeni, mwanamke mwembamba aliyekuwa akichovya mandazi kwenye chai alimsogelea. Alikuwa Namalwa, fundi wa cherehani kutoka Kawangware.

"Kaka, wewe si ulikuwa hapa juzi?"

Were akakauka. "Na wewe je, dada?"

"Mimi? Leo ni mara yangu ya nane kuwa mgeni."

Walicheka mpaka chai ikamtoka Were puani. Basi kumbe hema zima lilikuwa hivyo! Watu tisa, wageni sugu, kila Jumapili wanasimama, wanapigiwa makofi, wanakuja kuulizana habari za watoto na magoti. Kufikia wiki ya tano Were alikuwa akipiga meza kama ngoma, Namalwa anaanzisha nyimbo za kwao magharibi, na mabega yanatikisika mpaka vikombe vinahama mahali pake. Were alianza kuingoja Jumapili tangu Jumatatu. Hofu yake ilikuwa moja tu: wakigunduliwa, hema litafungwa, na yeye atarudi kwenye zile sekunde ishirini.

Wakagunduliwa. Jumapili ile ya saba ya ugeni wake ilikuwa ya shukrani, na Pasta Ndambuki alipanda jukwaani akimeremeta.

"Bwana asifiwe! Kanisa letu linakua! Kwa muda wa miezi mitatu tumepokea wageni zaidi ya mia moja! Hebu tuwaone!"

Picha za hemani zikaanza kupita kwenye skrini, kubwa kama nyumba. Namalwa na mandazi. Were na koti la kijani. Mzee mmoja na kikombe. Namalwa tena. Were na koti la kahawia. Mzee yule yule, kikombe kile kile. Were na koti la kijani. Watu wakaanza kunong'ona, kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na ukumbi wote ukamfuata. Were alitamani sakafu ifunguke. Moshi wenyewe ulikuwa umezimwa, hata pa kujificha hapakuwa.

"Ndugu yetu wa koti la kijani," Ndambuki alisema, uso umembadilika, "hebu tueleze."

Maikrofoni ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwake. Were akasimama, mara hii bila makofi.

"Pasta, mimi si mgeni. Lakini hapa mwenyeji hasalimiwi."

Kicheko kikakatika. Saa kwenye skrini ikaendelea kuhesabu.

Ndambuki akafanya wanachofanya viongozi wetu wote wakiguswa penye kidonda: akaunda kamati. Kamati ikakaa Jumanne, Jumatano hema likavunjwa. Badala yake kila mshiriki angesalimiwa kwa simu. Na kweli, Jumapili iliyofuata, Were akiwa ameketi katikati ya ibada, simu yake ilitetema: "Mpendwa JINA LAKO, tumekukosa leo kanisani."

Were aliinuka akatoka. Alikuwa ameamua kwamba harudi tena, si pale wala kanisa lingine lolote. Alipofika kwenye maegesho akasikia wimbo anaoujua. Nyuma ya magari makubwa, Namalwa alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, wale wengine wamemzunguka, na katikati yao Mama Veronicah anamimina chai kutoka kwenye chupa yake ya nyumbani. Waya sikioni hana.

"Umechelewa, Were," alisema.

"Mama, kwani wewe ulikuwa unajua?"

"Baba, nimeandika jina lako mara sita kwa mkono huu. Nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, mimi nitakunywa chai na nani?"

Were akaketi kwenye ukuta mfupi wa maegesho. Alipewa kikombe, akaona ndoo nyingine tupu, akaipindua na kuipiga kwa mkono mmoja, polepole, kisha kwa nguvu. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akaona haya.

Ibada ya kwanza ilikwisha, na magari yakaanza kuondoka moja moja. Ndipo wakamwona Pasta Ndambuki anakuja peke yake kati ya magari, mikono mfukoni. Wimbo ukafa. Namalwa akaficha mandazi nyuma ya sketi. Ndambuki akasimama hatua chache kutoka kwao, akavitazama viatu vyake.

"Ninaitwa Ndambuki," alisema. "Mimi ni mgeni hapa."

Hakuna aliyecheka. Were alimsogezea kikombe chake mwenyewe, akampisha nafasi kwenye ukuta, na Mama Veronicah akapekua mkoba wake mpaka akapata kadi moja iliyobaki.

"Karibu sana, Ndambuki," alisema. "Umetufahamu kupitia kwa nani?"

Pasta akamnyooshea Were kidole.